Ndoo Nyeupe ya Papa Nassoro

Alhamisi, 12 Septemba

Naanza kuandika leo ili kesho asije mtu akaniambia mambo hayakuwa hivyo. Wenzangu wanaouza vitenge soko kuu wananiita Djamila Darubini. Siuziwi kitenge cha wax ya uongo. Kitambaa nakinusa, nakisugua kwa kidole chenye mate, nakigeuza nyuma, ndipo nauliza bei. Na watu nawapima hivyohivyo, wapende wasipende.

Leo Papa ametolewa figo la kulia. Papa yangu Nassoro ni fundi wa kanzu, nusu ya safu ya kwanza msikitini imevaa mkono wake. Alianza kukojoa damu mwezi wa sita na akatuficha, mpaka siku alipoanguka juu ya cherehani. Daktari Wenceslas alimpitisha kwenye echo, ile mashine ya kuona ndani ya tumbo, akaona uvimbe. Kansa, alisema, bila kuzunguka.

Tulisubiri watatu koridoni: mimi, tonton Hamadi mdogo wake Papa, na mke wa Papa, Karima, aliyetoka Kindu na kuolewa Mama yangu hajamaliza miaka miwili kaburini. Huyo alikuwa anavuta tasbihi huku ananitazama pembeni. Mimi nilimvuta tonton karibu na ukuta nikamwambia: «Tonton, usiache kitu ya Papa mu mikono ya hawa batu. Hata uzi. Sokoni banasema figo ya batu inauziwaka ng'ambo.» Tonton ni mtu wa kusikia. Alitikisa kichwa.

Daktari alitoka akasema imekwenda vizuri. Mvua ilipiga bati hata sikusikia neno la pili.

Ijumaa, 13 Septemba

Papa amefungua macho. Ameuliza kama cherehani imefunikwa, kwa sababu ya mvua.

Jumatatu, 16 Septemba

Leo nimemfuata Daktari mpaka ofisini kwake. Nilimuuliza swali moja tu: Papa amepona au hajapona?

«Madame Djamila,» alisema, «ile uvimbe, bon, iko mulafi wa damu. Haiwezi kukomaa bila damu. Donc inaita mishipa mupya, midogomidogo, ikuye kuikulisha. Tunakata kipande ya figo, tunatuma Kinshasa. Kule banapaka rangi, banahesabu mishipa kwa microscope, banatafuta na ile protini yenye kuita mishipa. Mishipa ikiwa mingi, na wito ikiwa mukali, mara mingi ugonjwa inarudi.»

«Na ikiwa haba?»

«Tunapumua kidogo. Lakini iko alama, haiko hukumu. Hata maprofesa banabishana juu yake. Miye inanisaidia kuamua: nimutume Kinshasa mara moja kwa scanner na dawa ya kufunga mishipa, ao tumuangalie hapa polepole.»

Jambo hilo nililielewa. Ni kama kujua kitambaa kitachuja au hakitachuja kabla hujakifua. Nikamuuliza: «Na figo sasa iko wapi?»

«Iko mu labo, kule banapimaka. Kila kitu iko mu labo.»

Alijibu swali langu halijamaliza kutoka mdomoni. Mtu anayejibu hivyo alikuwa analisubiri. Nimeliandika.

Ijumaa, 20 Septemba

Papa amerudi nyumbani Kabondo. Baada ya sala ya adhuhuri mke wake alichukua birika, akapanda toleka, baiskeli ya abiria, akaondoka. Mgonjwa kitandani, yeye matembezini.

Jumamosi, 21 Septemba

Mvua. Umeme hakuna. Nimeuza pisi mbili za vitenge.

Ijumaa, 27 Septemba

Tena birika, tena toleka. Nilimuuliza kijana wa baiskeli aliporudi. Anasema alimpeleka upande wa Kapalata. Kapalata! Huko kuna nini zaidi ya kambi ya askari? Mwanamke ambaye mume wake amelala na jeraha ubavuni anafuata nini kwenye kambi ya askari, tena na birika?

Sijamwambia Papa. Nimeanza kuonja chakula chake kabla hajala. Karima alipika lituma, ndizi za kuponda, bila chumvi, kama Daktari alivyoagiza, nami nikamega tonge la kwanza. Papa alicheka mpaka akashika mshono: «Unaonja chakula yangu sawa mulinzi wa mfalme. Na ufalme yangu iko cherehani moja!»

Karima hakucheka. Aliinama akaokota sahani.

Jumatano, 2 Oktoba

Nimekwenda hospitali. Jibu halijafika. Daktari anasema ndege ilikosa nafasi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Jibu halijafika. Sasa anasema Kinshasa wameishiwa ile dawa ya kupaka rangi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Birika. Kapalata.

Jumatano, 16 Oktoba

Jibu halijafika. Anasema mwenye microscope amefiwa.

Hadithi tatu. Mwenye wax ya kweli ana hadithi moja, tena fupi. Nilimkazia macho nikamuuliza tena figo la Papa yangu liko wapi, naye akajifanya anaitwa na mtu koridoni. Koridoni hakukuwa na mtu. Mimi si daktari lakini si mjinga. Papa alikuwa na mafigo mawili, moja bovu kwa maneno yao. Nani aliliona hilo bovu? Kama lilikuwa zima? Kama huyu Wenceslas na huyu mwanamke wa Kindu wamelipangia soko, na askari ndiye mpitishaji? Nikiisoma sentensi hiyo naiona ni ya kichaa. Nikiifuta naona nitakuwa bwege. Naiacha.

Tonton Hamadi simshuku. Ni damu.

Jumapili, 20 Oktoba

Papa amekaa kwenye cherehani kwa mara ya kwanza. Ameshona ukosi mmoja akachoka. Nilimuuliza kama anaogopa. Alisema anaogopa, ndiyo, hasa alfajiri, kabla kuku hawajashuka kwenye mti. Hajawahi kuniambia neno kama hilo. Nilikaa karibu naye nikimkatia nyuzi, roho inaniuma, nikaapa jibu la Kinshasa nitalitoa hata kwa meno.

Ijumaa, 25 Oktoba

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Karima alipoondoka na birika nilipanda toleka nyuma yake. Mvua ilitukuta njiani, kijana wangu akataka kujificha, nikamwambia akanyage. Nilikuwa na hasira tamu, ile ya mtu anayekwenda kushika mwizi. Nilishajipangia na maneno ya kumwambia mbele ya huyo askari wake.

Baiskeli yake haikufika Kapalata. Ilisimama kabla, kwenye makaburi ya Waislamu.

Nilishuka mbali, nikapita kwenye majani yaliyonilowesha mpaka magotini. Karima alikuwa amechutama kwenye kaburi la Mama yangu. Nalijua kaburi hilo kwa msumari wa kibao uliopinda. Lakini maji ya birika hakuwa anayamwaga pale. Aliyamwaga pembeni, juu ya kituta kidogo, kifupi, kama cha mtoto mchanga. Jirani sana na Mama.

Nilipiga kelele: «Unazika nini karibu na Mama yangu?»

Birika lilimtoka mkononi. «Djamila! Lakini unajua.»

«Ninajua nini?»

«Ile njo figo. Figo ya bwana yangu. Tonton Hamadi aliizika siku ileile, mbele ya jua kuingia. Sheria yetu njo ile: kiungo ya Muislamu haitupiwe sawa takataka. Juu ya nini unaniangalia vile?» Alipangusa mvua usoni. «Kila Ijumaa ninakuya kumwangia maji. Ninamuombea abakie na ile moja. Na Mama yako ninamusalimia, juu tunamusumbua na mugeni.»

Nikatazama kaburi la Mama. Majani yamepaliliwa. Kibao kimepanguswa. Mimi mwenyewe mara ya mwisho kufika pale ilikuwa Idi.

Nilimwokotea birika. Tulirudi kila mmoja na toleka yake, nami njia nzima nilikuwa nasumbuliwa na kitu kingine kabisa. Nilikwenda moja kwa moja kwa tonton Hamadi. Alikuwa barazani anakula kwanga ya muhogo na samaki.

«Tonton, walikata kipande kwanza?»

«Kipande gani?»

«Ya Kinshasa! Ya kupaka rangi! Walikata mbele ya kukupatia?»

«Nani alinipatia?» Alifuta vidole. «Ndoo ilikuwa chini, karibu na mulango ya opération. Nyeupe, ya rangi ya nyumba, na kifuniko. Nikafunika na pagne ya kitenge, nikatoka. Sikuifungua. Ilikuwa inanuka dawa mpaka macho inatoa machozi. Nilizika na ndoo yake.»

«Tonton! Nani alikutuma kubeba ndoo ya hospitali?»

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, mtu mzima wa miaka sitini na tano, samaki mkononi.

«Weye,» alisema. «Weye njo ulisema nisiache kitu ya Papa yako mu mikono yao. Hata uzi.»

Sikuhitaji kufungua ukurasa wa kwanza wa daftari hili. Maneno yalikuwa yangu na niliyasikia yakirudi kwa sauti yangu mwenyewe. Kinshasa hakuna kipande. Hakujawahi kuwa na kipande. Huyo wa microscope kama amefiwa, Mungu amfariji, lakini hakuwa na chochote chetu mezani. Papa anaamka alfajiri na hofu yake, sisi tunasubiri jibu, na jibu limelala chini ya matope, kwa mkono wangu.

Nimelia jikoni. Karima aliingia, akaona, akatoka. Baadaye niliona ameniwekea chai.

Jumatatu, 28 Oktoba

Daktari Wenceslas, nilipomwambia, alikaa kwenye kiti kama mtu aliyetuliwa gunia.

«Miye nilifikiri infirmier mumoja wa kuangalia bagonjwa aliitupa. Ao aliiuzisha, sijui. Nilibashuku wote. Kuna mumoja sijamusalimia mpaka leo.»

«Na ulinidanganya. Ndege, rangi, kilio.»

«Nilikudanganya. Niliogopa, madame. Kila siku unaniuliza figo iko wapi. Ningesema imepotea, ungesema nini?»

«Ningesema umeuzisha,» nilijibu.

«Voilà.»

Nilimchukia kwa kusema kweli, nikajichukia zaidi. Nilikuwa nimesimama kuondoka aliponishika mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

«Ngoja. Ulisema alizika na ndoo? Na kifuniko? Na ile dawa mule ndani?»

Alieleza haraka, Kifaransa kikimpanda. Ile dawa inayonuka ndiyo inayozuia nyama isioze. Kama kifuniko kimeshika, figo bado lipo. Limekaa humo kupita kiasi na huenda rangi nyingine zikakataa, lakini kipande kinaweza kukatwa. Lazima tulifukue.

Alhamisi, 31 Oktoba

Tumemwambia Papa yote, pamoja na sehemu yangu. Nilitaka anigombeze. Alichezesha gurudumu la cherehani kwa kidole. Yeye alijua figo limezikwa, Hamadi alimwambia, ila alidhani madaktari walishakata chao. Kila mtu nyumbani alikuwa anajua nusu, na nusu nyingine hakuna aliyeniuliza, kwa sababu mimi huniulizi ukatoka salama.

Shehe Issa aliitwa. Alikaa, akanywa kahawa, akasema kaburi la maiti halichezewi, lakini hapa mwenye mwili angali hai na ana haja. Dharura ina ruhusa yake.

«Basi tuende,» Papa alisema. «Nani amepata bahati ya kwenda ku matanga yake na miguu yake?»

Tonton Hamadi alicheka peke yake, kisha akaomba msamaha.

Ijumaa, 1 Novemba

Mvua ilituachia asubuhi moja. Tonton alichimba. Papa alikaa kwenye kigoda, Karima amemshikia mwavuli wa jua. Mimi nilisimama upande wa Mama nikimwomba radhi kimoyomoyo, kwa kelele na kwa wageni.

Jembe liligonga plastiki. Ndoo ilitoka imevaa matope, kifuniko kimeshika. Tonton alilegeza ukingo kidogo na ile harufu ikatupiga wote. Macho yakatoka machozi, kila mtu akapata kisingizio. Papa alisema anataka kuona. Alichungulia.

«Njo ile?» aliuliza. «Kidogo vile, na inatusumbua vile.»

Daktari mwenyewe alikuja kuipokea, na viatu vyake vya ofisi kwenye tope. Nilisafiri na ndoo mapajani ndani ya gari lake mpaka labo. Nilimtazama akikata. Sikuondoka mpaka vipande vilipofungwa. Kushuku hakukomi kwa siku moja.

Jumamosi, 9 Novemba

Vipande vimepanda ndege. Niliona kwa macho yangu.

Jumatano, 20 Novemba

Kimya. Mvua kubwa, maji yameingia chini ya meza yangu sokoni.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimekwenda na Karima makaburini. Alinionyesha jani moja linalorudi kila ukiling'oa, lazima ulifuate mpaka kwenye mzizi. Alisema kwao Kindu mama yake alimfundisha. Sikujua kama mama yake amekufa. Nyumba moja, miaka minne, sikujua.

Jumatatu, 9 Desemba

Jibu limefika. Daktari alitusomea sote wanne, hakuficha karatasi.

Uvimbe ni kansa ya kweli, ya aina ile aliyoifikiria. Haukutoboa ganda la figo. Hiyo ni habari njema, alisema, na Karima akashukuru Mungu kwa sauti. Nami nilikuwa nasubiri ile ya mishipa.

«Rangi ya mishipa imekataa,» Daktari alisema. «Na ya ile protini vile vile. Bamejaribu mara mbili. Nyama imekaa mu dawa sana. Haisomeki.»

«Donc hatujui,» alisema Papa.

«Kwa ile upande, hatujui. Hatutajua. Nitakuangalia na echo kila myezi tatu. Mukojo ikibadilika rangi, ao ukiumwa mugongo, unakuya siku ileile.»

Nauza vitambaa miaka kumi na saba. Najua rangi inavyokataa nguo iliyolowekwa kupita kiasi. Haina wa kulaumiwa ila aliyeloweka. Hakuna aliyenitazama. Tonton alitazama viatu, Daktari alitazama dirisha, Karima alinishika kiganja akakibana. Ingekuwa rahisi kama wangenitukana.

Ijumaa, 13 Desemba

Tumeyarudisha kaburini mabaki ya figo. Papa alikata bafta nyeupe mwenyewe akaishona, mshono mdogomdogo kama wa ukosi wa Idi.

«Safari hii bila ndoo,» alimwambia tonton.

Mimi ndiye niliyemwaga maji.

Jumamosi, 28 Desemba

Mvua zimepungua. Vumbi la kwanza limekaa juu ya vitenge.

Leo Papa aliinuka kwenye cherehani akajishika kiuno, upande wa kushoto, upande wa lile figo moja lililobaki. Aliona nimeona.

«Ni kukaa sana,» alisema.

Nilimtazama uso, nikautazama kama nitazamavyo kitambaa, mbele na nyuma. Sikusoma kitu. «Ndiyo, Papa,» nikamwambia. «Ni kukaa sana.» Nikamletea mto.

Kisha nilizunguka nyuma ya nyumba, kule tulikomwekea kopo jeupe la kukojolea, nikitembea kama mtu anayefuata kuni. Nilimkuta Mama mdogo Karima ameshafika. Alikuwa amechutama, kopo mkononi, amelielekeza kwenye mwanga. Alinisikia lakini hakugeuka. Nilichutama karibu naye, tukatazama wawili.

«Leo iko safi,» alisema.

«Leo,» nikasema.

Akamwaga, akasuuza, akalirudisha mahali pake.